Mahakama imesema kujaribu kujiua si kosa. Mbona bado tunaandika "ajali"?

Mtoa hoja:

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinakwenda kinyume na Katiba. Ndicho kile kilichosema anayejaribu kujiua ametenda kosa, afungwe hadi miaka miwili, au atozwe faini, au vyote viwili. Miongoni mwa waliopeleka kesi ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili.

Nauliza: jaji alitenda haki, au ameondoa kizuizi tulichokihitaji? Mimi niko na jaji, na nitasema kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alijaribu kujitoa uhai. Tulimwahi, tukamkimbiza hospitali. Pale mlangoni, hata kitanda hakijapatikana, shangazi akatuvuta kando: "Semeni ni ajali. Mkisema kweli wataita askari." Mimi ndiye niliyejaza fomu. Palipoulizwa chanzo nikaandika ajali, kwa kalamu niliyomwazima mlinzi. Daktari akanitazama, akatazama karatasi, akanitazama tena. Nadhani alijua. Lakini aliyeandikiwa ajali hutibiwa ajali. Alilazwa siku nne, akapewa dawa za maumivu, akaruhusiwa. Hakuna aliyemuuliza analalaje, wala kuhusu ile mikopo ya simu iliyokuwa ikimpigia kengele kutwa.

Wiki tatu baadaye tukarudi palepale, na safari hii uongo haukukubali. Nilimkuta na pingu, upande mmoja mkononi, upande wa pili kwenye chuma cha kitanda. Mama alikuja na uji kwenye chupa ya chai. Askari, kijana mpole tu, akamfungua anywe. Alipomaliza akamfunga tena, huku akimwomba mama radhi.

Yuko hai, anatengeneza simu mjini. Kilichomsaidia ni muuguzi mmoja aliyemwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa akili bila kutuuliza sisi wenye aibu. Hizo pingu zilimsaidia nini?

Na msiniambie ni mila zetu. Kanuni hiyo ililetwa na mkoloni mwaka 1930. Mwingereza mwenyewe alilifuta kosa hilo kwake mwaka 1961, Ghana wakafuta 2023. Sisi tulikuwa bado tunamtunzia mgeni mzigo aliokwisha kuutupa.

Mwalimu Mstaafu:

Pole kwa yaliyowafika, mwanangu. Ila wewe unalilia pingu, mimi nalilia ukuta. Kazi ya sheria si kufunga tu. Inatangaza pia kwamba jambo fulani halikubaliki. Huku kwetu zamani aliyejiua alizikwa usiku, nje ya boma, bila kilio. Ulikuwa ukatili, sikatai, lakini kila kijana aliujua. Mwiko umekufa, sasa sheria nayo imekwenda. Kimebaki nini cha kumshika mtu mkono?

Mtoa hoja:

Shikamoo mwalimu. Aliyefika pale hapigi hesabu ya miaka miwili jela. Aliyekufa hashtakiwi, aliyepona ndiye aliyeshtakiwa. Sheria ile haikumtisha ndugu yangu hata kidogo. Ilinitisha mimi niliyeshika kalamu.

Mama Wawili:

Mnazungumzia wagonjwa tu. Kuna wanaolitumia neno hilo kama fimbo. Nilikuwa na mchumba, kila nikichukua mkoba: "Ukitoka mlango huo, kesho mtanizika." Miaka miwili nimeishi hivyo. Hata nikienda matanga nalala na simu kifuani, isije ikalia nisiisikie. Siku niliyoamua sikumuaga. Nilimpigia dada yake nikamwambia, ndugu yenu amesema hivi na hivi, mwendeeni. Wakamwendea. Leo ana mke na mtoto, na mimi bado nashtuka simu ikilia usiku. Huyo sheria inamfanya nini? Au tukiambiwa hivyo tubaki tumekaa tu?

Karani:

Dada, kifungu cha 226 kisingekufaa hata kingekuwepo. Kilimgusa aliyejaribu, si aliyetishia. Na cha 225, kinachomwadhibu anayemshawishi au kumsaidia mwingine ajiue, hukumu hii haikukifuta. Kwa hiyo wanaosema mahakama imehalalisha kujiua wamesoma kichwa cha habari wakaishia hapo.

Nimekaa mahakamani miaka mingi. Watu hawa walikuwa wanaletwa asubuhi pamoja na wezi wa kuku na wapika chang'aa. Wanasomewa shtaka, wanaulizwa kweli au si kweli. Mtu anasema kweli, sauti haitoki. Nimemwona hakimu ameshika kalamu dakika nzima hajui aandike nini. Mwishowe anaagiza ripoti ya daktari, na mtu anarudi rumande kuisubiri, chumba kimoja na watu asiowajua. Hiyo ndiyo iliyoitwa kumlinda.

Mama Wawili:

Sawa, nimeelewa. Ila usimwite kila anayetishia mwongo, na mimi nisimwite. Sikuweza kujua ni lini anasema kweli, ndiyo maana nilimpigia dada yake badala ya kunyamaza. Nikapiga na ile 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo. Nilipiga kwa ajili yake, nikajikuta nazungumza habari zangu kwa nusu saa.

Mpwani:

Haramu itabaki haramu hata mahakama ikinyamaza, hilo halina mjadala. Lakini aya ya 29 ya Sura An-Nisaa, hiyohiyo inayotukataza kujiua, inamalizia kwa kutaja rehema ya Mwenyezi Mungu. Na mbona mwenye kisukari akienda kwa imamu anaombewa na kuulizwa kama amemeza dawa, lakini mwenye dhiki ya moyo anaambiwa imani yake ndogo? Nimeyasikia haya msikitini kwa masikio yangu, na aliyeambiwa alikuwa hafidhi wa Kurani.

Jirani wa Tanga:

Nyie mmeshavuka mto. Huku Tanzania Kanuni ya Adhabu imelitaja kosa hili, ni urithi uleule wa Mwingereza. Na ukisema unaenda kuonana na daktari wa akili, watu wanakutajia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na kuangua kicheko kabla hujamaliza sentensi.

Mwalimu Mstaafu:

Nimewasoma wote. Haya, pingu ziondoke, nakubali, na hilo la mgonjwa kuchanganywa na wezi wa kuku sikulijua. Lakini mtu akishafunguliwa apelekwe wapi? Mathari, hospitali kuu ya wagonjwa wa akili, iko Nairobi, toka enzi ilipofunguliwa 1910 kwa wagonjwa wa ndui. Kutoka kwangu ni nauli ya basi ya watu wawili, kwa maana hasafiri peke yake, na kulala huko. Jopo la Daktari Frank Njenga liliiambia serikali mwaka 2020 itangaze afya ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Zahanati yetu tangu hapo imeongezewa lango jipya.

Na msinicheke kwa hili: saa nane za usiku kijijini kwetu, gari la polisi ndilo gari. Mimi mwenyewe nimewahi kuliita kwa ajili ya mtoto wa jirani. Mkimwambia askari kwamba hii si kazi yake tena, nitampigia nani?

Karani:

Bado unaweza kumpigia, mwalimu. Sheria ya Afya ya Akili inamruhusu polisi kumpeleka hospitali mtu aliye hatarini. Tofauti ni kwamba sasa anamshusha pale na kwenda zake, hamfungi kitandani.

Mwalimu Mstaafu:

Kama mafuta yapo.

Mtoa hoja:

Hilo la gari sina jibu, mwalimu, na wala sitajifanya ninalo.

Jana nimemwonyesha mdogo wangu mjadala huu. Alisoma wote, polepole, akiwa na simu ya mteja imefunguliwa mapajani. Nilidhani atazungumzia pingu. Akauliza, "Ile fomu uliyoandika ajali, bado iko kwenye faili langu?" Nikamwambia sijui, labda. Anataka irekebishwe. Anasema kila akienda kliniki daktari mpya anaanza na ukurasa ule. Karani, kuna utaratibu wa jambo kama hilo, au niende tu pale dirishani nikaseme nilidanganya?