Mke mnene, mume mwembamba: maneno ya ndugu yajibiweje?

Swali: Ndugu wa mume wakiuliza mbele za watu, "Kwa huyu umefuata nini?", nani ajibu, na aseme nini?

Jibu 1: Ajibu mume, maana ndugu ni wake. Papo hapo, sentensi moja: "Huyu ni mke wangu, mwili wake haujadiliwi." Asitaje uzito, mlo wala afya, akitoa sababu moja tu, amefungua kikao.

Jibu 2: Kweli kabisa. Akinyamaza, mke huona anaonewa aibu, na hilo huuma kuliko utani wenyewe.

Jibu 3: Picha nazo huchochea maneno. Lenzi pana ya simu hutanua walio pembeni. Mpigaji arudi nyuma mita 2 au 3, avute picha karibu kwa zumu ya mara 2 (2x), wenzi wakae katikati. Na jamani, mke asifichwe nyuma ya mume!