Kijana wangu yuko darasa la 12 Texas, kafeli STAAR mbili. Nimtoe akafanye GED, ule mtihani wa cheti mbadala wa diploma ya sekondari?

Mama Bahati: Wadau, naombeni ushauri. Tulitoka kambi ya Nyarugusu 2021 tukaletwa Texas. Kijana ana miaka 19, krediti zake zinatimia muhula huu. Shida ni mitihani ya jimbo, STAAR. Aljebra, Biolojia na Historia ya Marekani kapita. English I na English II zimemgomea. Desemba alirudia, English II akapata 3,690, wao wanataka 3,775.

Barua ya matokeo ilikuja kwa Kiingereza, nikampa mwenyewe anisomee. Akasema, "Mama, wanasema nakaribia." Nikapika pilau! Jirani ndiye aliyenifungua macho: asipopita, diploma hakuna. Na joho la mahafali nimeshalilipia. Mtu mmoja shuleni kamwambia aache, aende GED. Kwetu Kongo ukianguka Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, unarudia mwaka. Huku inakuwaje?

Fundi_Houston: Mtoe tu, mama. GED masomo manne, anamaliza, anaingia kazini. Miaka 19 bado anabeba begi la shule?

Binti Kigoma: Usimtoe! Fundi, GED ya Texas ni kwa Kiingereza au Kihispania. Kiingereza ndicho kinachomwangusha, huko atapona vipi? Na shule ya umma anaruhusiwa hata baada ya 19.

Mama, sheria ya Texas tangu 2015 inasema hivi: mwanafunzi wa darasa la 12 aliyefeli mitihani isiyozidi miwili kati ya ile mitano, shule inamuundia kamati, wanaiita IGC. Anakaa mkuu wa shule au mwakilishi wake, mwalimu wa somo, mkuu wa idara, na mzazi. Kwa kuwa ameshafikisha 18, anaweza kuchagua kukaa mwenyewe kwenye kiti chako, kwa hiyo ongeeni kwanza. Lazima wakubaliane wote. Atapangiwa masomo ya ziada, pamoja na mradi au jalada la kazi zake. Lakini sharti awe amefaulu somo lenyewe darasani. Mdogo wangu alipita njia hiyo, insha yake ilirudishwa mara tatu imejaa wino wa kijani.

Halafu hiyo "nakaribia"! Kwenye STAAR kiwango kinachoitwa kukaribia ndicho cha kupita. Angekuwa amekaribia kweli, tusingekuwa hapa 😂

Babu Dallas: Naongezea. Barua na vikao vyote omba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako, wala hulipi. Huyo kijana asikutafsirie tena! Uliza pia kamati ya lugha, LPAC: kwa mgeni aliyefanya English I ndani ya miaka yake mitatu ya mwanzo hapa, kuna unafuu wa kutorudiarudia mtihani huo. Na mtihani wa masika aende tu, ni bure, na kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza inaruhusiwa kwenye English. Aizoee mapema, asianze kuifungua siku ya mtihani.

Mkongomani wa Boston: Huku Massachusetts wananchi walipiga kura Novemba 2024, MCAS, mtihani wa jimbo letu, si sharti la diploma tena. Hamieni kwetu.

Fundi_Houston: Na kodi ya nyumba utawalipia wewe? Mama Bahati, nafuta ushauri wangu. IGC sikuijua.

Mama Bahati: Mungu awabariki. Nimemwita sasa hivi nikamuuliza maana ya kukaribia. Anaangalia viatu. Kesho asubuhi nipo ofisini kwa mkuu wa shule, na mkalimani.