Mfumo ukianguka, aadhibiwe aliyebonyeza kitufe au aliyekataa kugharamia ulinzi?

Mtoa mada, msimamizi wa seva

Nimesimamia seva na hifadhidata kwa miaka kumi na sita, na katika muda huo nimeona mifumo ikianguka mara nyingi kiasi cha kupoteza hesabu. Kila unapoanguka, swali la kwanza linalotoka kwa wakubwa huwa ni "nani amefanya?", na swali la "imewezekanaje?" huja baadaye sana, kama linakuja. Msimamo wangu ni kwamba mtaalamu wa TEHAMA aliyekosea bila kukusudia asiadhibiwe kwa kosa ambalo mfumo wenyewe ulimruhusu kulitenda kwa amri moja. Kama ni lazima pawe na adhabu, basi iwafuate wale wenye mamlaka juu ya fedha, muda na idadi ya watu wa zamu.

Nianze na kosa langu, nisije nikaonekana nahubiri. Usiku mmoja, mwishoni mwa zamu ndefu, nilifuta jedwali la malipo kwenye hifadhidata inayotumiwa na wateja, nikiamini kwamba nilikuwa kwenye ile ya majaribio. Mbele yangu kwenye skrini palikuwa na madirisha mawili, yote meusi yenye herufi nyeupe, na majina ya seva hizo mbili yalitofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu. Data ilirejea baada ya saa tano, nami nikapewa barua ya onyo. Majina ya seva hayakubadilishwa, wala rangi ya madirisha. Miezi minane baadaye mwenzangu, ambaye ni makini kuliko mimi, alitumbukia katika shimo lile lile, naye akapewa barua yake. Mwajiri wetu akawa na barua mbili kwenye majalada, na shimo likabaki wazi.

Linganisheni na yaliyotokea GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wao alikuwa akihangaika na hifadhidata ya pili, inayopaswa kunakili ile kuu, iliyokuwa imeachwa nyuma. Alikusudia kufuta saraka (folda ya data) kwenye seva ya pili, akaifuta kwenye seva kuu. Alishtuka upesi, lakini kati ya takribani gigabaiti 300 zilikuwa zimesalia 4.5. Walipozigeukia nakala rudufu walikuta zile za kila siku hazikuwa zikitengenezwa kabisa, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe. Na barua pepe zilizopaswa kutoa taarifa ya hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa njiani, hazimfikii mtu. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono takribani saa 6 kabla ya ajali, na aliyeichukua ni mhandisi yule yule aliyefuta. Kampuni ilieleza kila kitu hadharani, ikaonyesha kazi ya urejeshaji moja kwa moja kwenye YouTube, na ripoti yake ya mwisho haikumtaja mhusika kwa jina. Sasa niambieni: kumfukuza mtu huyo kungetengeneza nakala ipi?

Meneja wa huduma kwa wateja

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa utulivu na bado sikubaliani nawe. Mfumo unapoanguka, simu hazipigwi kwenye chumba chako cha seva, zinapigwa mezani kwangu. Ninaongea na mtu ambaye mshahara wake haujaingia, na mwingine aliyekwama hospitalini kwa sababu malipo hayapiti, nao hawataki kusikia habari za rangi ya madirisha. Wanataka kujua kwamba kuna mtu anayebeba jukumu. Ukisema kosa ni la mfumo, umesema kosa si la mtu yeyote, maana mfumo hauitwi kikaoni ukajieleza.

Isitoshe, umechagua mfano unaokufaa. Mimi nakuletea Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa. Tarehe 1 Agosti 2012 iliwasha programu mpya ambayo fundi alipaswa kuiweka kwenye seva nane. Akaiweka kwenye saba. Seva ya nane ikaamsha kodi ya zamani, yaani maandishi ya programu, iliyokuwa imelala kwa miaka, ikaanza kufanya miamala ovyo, na katika dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Kuhesabu hadi nane si kazi inayohitaji bajeti ya ziada. Dereva akipita taa nyekundu tunamlaumu dereva, hata kama barabara ni mbovu, na sioni kwa nini taaluma yenu ijitengee kanuni yake.

Mkaguzi wa mifumo

Naomba kuongezea kwenye habari ya Knight, kwa sababu meneja ameisimulia nusu. Tume ya Marekani inayosimamia soko la hisa na dhamana ilichunguza tukio hilo na mwaka 2013 ikaitoza kampuni dola milioni 12. Iliyotozwa ni kampuni. Uchunguzi ulibaini kwamba hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka fundi wa pili ahakiki kazi ya yule wa kwanza. Ulibaini pia kwamba asubuhi ile, kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikionyesha hitilafu, na hakuna aliyezifanyia kazi, kwa kuwa barua za aina hiyo hazikuwa zimepangwa ziwe kengele ya hatari. Na ile kodi ya zamani ilikuwa haitumiki tangu mwaka 2003, lakini hakuna aliyeiondoa. Fundi alisahau seva moja, ni kweli. Lakini kutomweka mtu wa pili ulikuwa uamuzi, na kuacha kodi mfu kwenye seva hai ulikuwa uamuzi, na maamuzi hayo hayakuwa ya fundi.

Mfano wa dereva nao una kasoro. Barabara ambayo madereva hupata ajali kwenye kona ile ile kila mwezi, wahandisi hutumwa kwenda kuinyoosha kona. Katika ofisi nyingi ninazokagua, kinachoandikwa kwenye ripoti ni "dereva hakuwa makini", kisha ripoti inafungwa.

Mwandishi wa programu, mwaka wa pili kazini

Mimi ni mdogo katika kazi hii, kwa hiyo nitasema nilichokiona tu. Mahali nilipoanzia kazi, mwenzangu alibadilisha mpangilio mmoja saa tisa alasiri na malipo yakaanza kurukwa kimyakimya. Alijua ndani ya dakika kumi. Alisema saa kumi na moja jioni, baada ya kujaribu peke yake kurudisha mambo huku akifuta kumbukumbu za amri alizoandika, kwa sababu wiki iliyotangulia mtu alikuwa ameondolewa kazini kwa kosa dogo kuliko lile. Hasara ya dakika kumi ingekuwa ndogo. Hasara ya saa mbili ilikuwa kubwa, na kwa kuwa kumbukumbu zilifutwa, hadi leo hakuna anayejua hasa nini kilitokea. Nilijifunza siku hiyo kwamba hofu haimfanyi mtu awe makini. Inamfanya awe hodari wa kuficha.

Meneja wa huduma kwa wateja

Hilo la kijana limenigusa na siwezi kulipuuza, kwa sababu saa hizo mbili ndizo ambazo mimi huwaambia wateja "tunashughulikia" ilhali hakuna anayeshughulikia.

Lakini tusiruke kutoka shimo moja hadi jingine. Marubani wa Marekani wana utaratibu, ulioanza mwaka 1976, wa kupeleka taarifa za makosa yao kwa NASA badala ya kuzipeleka kwa mamlaka yenye uwezo wa kuwanyang'anya leseni. Anayetoa taarifa ndani ya siku 10 anaweza kuepushwa na adhabu. Wengi wenu mnaupenda mfano huu, ila husahau masharti yake: kinga hiyo haimhusu aliyekusudia, wala aliyetenda jinai. Je, ninyi mko tayari kwa masharti kama hayo? Mimi nimefanya kazi na mhandisi aliyekuwa akizima kinga za mfumo kwa makusudi kwa sababu zinamchelewesha, akaweka neno la siri la msimamizi mkuu kwenye faili la wazi ili asilisahau, na kila alipoonywa alijibu kwamba yeye ndiye anayeujua mfumo. Huyo naye tumwambie kwamba mfumo ulimruhusu?

La pili ni tahadhari tu. Mkifanikiwa kuupeleka mzigo juu, wakubwa hawatautua hivi hivi. Watajilinda kwa saini. Kila badiliko litahitaji vibali vitano, na ninyi mnaolalamika leo mtalalamika kwa sababu nyingine.

Mkaguzi wa mifumo

Saini tano nimezikagua, na mara nyingi aliyesaini wa tatu hakusoma kwa kuwa aliamini wa kwanza alisoma, na wa tano alisaini kwa kuwa wanne walikuwa wamesaini. Kibali cha namna hiyo hakimlindi mteja. Katika hilo meneja na mimi tuko pamoja.

Hata hivyo mzigo ukipelekwa juu kwa usahihi, kazi inafanyika. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia akaunti za wateja wake kwenye mfumo mpya mwezi Aprili 2018, na wateja wengi walishindwa kuingia kwenye akaunti zao kwa siku kadhaa, wengine kwa wiki. Mwezi Desemba 2022 benki ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65. Kisha Aprili 2023, mkuu wake wa zamani wa TEHAMA akatozwa yeye binafsi pauni 81,620, kwa kutohakikisha ipasavyo kwamba kampuni iliyopewa kazi hiyo ilikuwa tayari kweli. Hakutozwa kwa kuandika amri vibaya. Alitozwa kwa sababu kuuliza na kuthibitisha ndiyo ilikuwa kazi yake.

Mtoa mada, msimamizi wa seva

Nashukuru kwa michango, na nitaanza pale nilipopigwa vizuri. Meneja ana haki kuhusu yule mhandisi anayezima kinga. Nilipoandika "bila kukusudia" niliona nimeshalimaliza suala hilo kwa maneno mawili, kumbe sivyo. Mtu anayevunja kanuni anayoijua, mara ya pili na ya tatu, kwa sababu ya kiburi, aadhibiwe, na mimi nitakuwa shahidi. Ila ningeomba kwanza wengine nao waangaliwe. Ikiwa kitengo kizima kinaweka maneno ya siri kwenye faili la wazi, na yeye ndiye pekee aliyekamatwa, basi tatizo halina jina moja.

Kuhusu TSB, nina furaha na shaka kwa pamoja. Faini ilipanda ngazi, ndiyo, lakini mtu binafsi aliyetozwa bado alikuwa mkuu wa TEHAMA. Tarehe za kuhama huwa hazipangwi na TEHAMA peke yake. Katika vikao nilivyohudhuria, tarehe hutangazwa kwa wateja kwanza, kisha sisi tunaulizwa kama inawezekana, na anayejibu "haiwezekani" huambiwa ana mtazamo hasi.

Naomba nirudi pia kwenye hoja kwamba mteja anataka mtu wa kubeba jukumu. Nalielewa hitaji hilo, lakini tuangalie linapoweza kufika likiachwa bila breki. Shirika la posta la Uingereza lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon mwaka 1999. Ulipoonyesha upungufu wa fedha, waliotafutwa ni watu waliokuwa kaunta, wasimamizi wa ofisi ndogo za posta, kwa sababu vidole vyao ndivyo vilivyokuwa kwenye kitufe. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa kutegemea takwimu za mfumo uliokuwa na hitilafu. Baadhi walifungwa, wengine walifilisika. Bunge lililazimika kutunga sheria mwaka 2024 kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Kwa miaka mingi kila kesi ilikuwa na jibu tayari la swali la "nani?", na jibu hilo ndilo lililowazuia watu kuikagua mashine.

Ndiyo maana nasisitiza mpangilio wa maswali. Mwishoni mwa Februari 2017, wakati GitLab bado wanafuta jasho, Amazon nao walipata ajali yao: mtu alikuwa akitekeleza amri halali ya kuondoa seva chache, akakosea thamani moja, zikaondoka nyingi, na huduma yao ya kuhifadhi mafaili ikalala kwa takribani saa nne. Baadaye walieleza kwamba walibadilisha zana ile ili iondoe seva polepole na ikatae kushuka chini ya kiwango cha chini kinachohitajika. Kesho yake mtu mwingine akikosea thamani ile ile, hakuna kitu kitakachotokea. Hiyo ndiyo adhabu ninayoitaka, ambayo inaiadhibu zana.

Na hilo la saini tano, ndugu meneja, ninalo jibu dogo ambalo nimelitumia tangu ile barua ya onyo. Sihitaji saini za wanaokubali mabadiliko. Nahitaji saini ya anayekataa ulinzi. Nikiomba seva ya pili, au mtu wa pili wa zamu ya usiku, au siku moja ya kujaribu kurejesha nakala rudufu, na ombi likakataliwa, naomba kukataliwa huko kuandikwe: nani, lini, na kwa sababu gani. Mwanzoni walidhani nawatega. Katika maombi saba, manne yalikubaliwa mara tu nilipoomba jina la anayeyakataa, na moja lilikataliwa na meneja wangu kwa sababu nzito aliyoiandika waziwazi, nami nikaridhika nayo. Mengine mawili yapo kwenye barua pepe, hayajajibiwa. La mwisho ni la kubadilisha majina ya zile seva mbili.