Mama ana miaka 78, anaamka amelowa jasho: ni uzee au dawa?

Binti_Nansio:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naombeni ushauri, usingizi sina. Mama yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, mimi naishi Igoma, Mwanza. Ana sukari na presha miaka mingi. Anameza glibenklamaidi na metformini za sukari, na amlodipini ya presha. Miguu ilipovimba akaongezewa furosemaidi ya kukojosha maji, na kwa maumivu ya magoti ananunua mwenyewe diklofenaki duka la dawa. Kliniki walisema sukari bado iko juu, dozi ikapandishwa. Tangu hapo anaamka alfajiri jasho linamtoka, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Juzi kaanguka akienda chooni. Majirani wanasema ni uzee. Nimpunguzie mwenyewe?

Mfamasia_Kirumba:
Pole sana dada. Huo si uzee, hizo ni dalili za sukari kushuka. Glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee ambaye figo zimechoka hukaa zaidi. Akilala na uji tu, dawa inaendelea kushusha. Hali ikimrudia mpimeni. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L na anameza vizuri, mpeni maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali. Usikisie dozi, ila tarehe ya kliniki usiingoje. Aonwe kesho.

Mzee_wa_Kamanga:
Mwanangu, shemeji yangu alipita humo humo. Tulikusanya dawa zote kwenye mfuko, hata za mitishamba, tukazimwaga mezani kwa daktari. Kumbe miguu ilivimbishwa na amlodipini, na furosemaidi aliyopewa kwa uvimbe ndiyo ilikuwa inamwamsha kukojoa usiku. Akabadilishiwa ya presha. Diklofenaki akakatazwa kabisa, inapandisha presha na kuumiza figo.

Mfamasia_Kirumba:
Mzee kasema kweli. Na muulize daktari lengo la mama ni lipi. Kwenye kipimo cha sukari ya miezi mitatu, wengi hulengwa chini ya asilimia 7. Mzee mwenye maradhi kadhaa na anayeanguka, chini ya 8 inatosha. Kumbana zaidi ya hapo ni kumtafutia kuvunjika nyonga.

Binti_Nansio:
Asanteni, Mungu awabariki. Nimempigia sasa hivi, kwa mara ya kwanza nimemuuliza yeye anataka nini. Kasema atembee mwenyewe hadi kanisani na apalilie mihogo yake. Dada yangu analala naye leo, kipimo na sukari viko kando ya kitanda. Napanda kivuko cha asubuhi.