MJADALA: Nchi isiyo na bomu ina sababu gani ya kubaki kwenye mikataba ya nyuklia?

Mleta mada

Wakuu, tarehe 5 Februari 2026 mkataba wa New START ulifika mwisho. Ndio uliokuwa umebaki kuzifunga Marekani na Urusi kwa idadi: kila upande vichwa vya nyuklia 1,550 vilivyofungwa tayari kwenye makombora na ndege, na vyombo vya kuvirusha visivyozidi 700. Obama na Medvedev waliusaini Prague mwaka 2010, ukaongezewa miaka mitano mwaka 2021, na maandishi yake hayakuruhusu nyongeza ya pili.

Tangu hapo kila mjadala wa mambo haya unaishia kwenye kauli ileile: mikataba ya silaha ni danganya toto, wakubwa wanasaini wakijisikia na kuchana wakijisikia. Mimi naipinga kauli hiyo, lakini si kwa sababu nawaamini wakubwa. Naona tunalilia namba wakati kilichopotea ni wakaguzi, tena walipotea miaka sita kabla ya namba.

Ukaguzi ulikuwa hivi. Kila upande ulikuwa na haki ya safari 18 kwa mwaka kwenye kambi za mwenzake. Wakaguzi wanatua kwa taarifa ya muda mfupi, wanataja kambi, wakifika wanachagua kombora lipi lifunguliwe. Mwenyeji anaondoa kifuniko cha mbele. Vichwa vyenyewe vimefunikwa ili siri za umbo lake zisionekane, kwa hiyo mkaguzi anahesabu vilivyofunikwa na kulinganisha na orodha aliyopewa. Kama kuna kitu mwenyeji anasema si cha nyuklia, kinapimwa mionzi papo hapo. Hakuna anayemwamini mwenzake pale, na mkataba ulitungwa na watu waliojua hivyo.

Machi 2020 ukaguzi ulisimama kwa sababu ya Uviko, haukurudi. Februari 2023 Putin akasimamisha ushiriki wa Urusi. Yaani hata kabla muda haujaisha, ile 1,550 ilikuwa namba ya kuambiwa tu.

Mfano mzuri zaidi kwangu ni mkataba wa INF wa 1987, wa Reagan na Gorbachev, uliopiga marufuku makombora yao ya ardhini ya masafa ya kati. Makombora 2,692 yaliteketezwa, mengine kwa kulipuliwa, mengine kwa kuchomwa injini huku wataalamu wa upande wa pili wakiangalia. Kulikuwa na kiwanda Votkinsk, Urusi, kilichoruhusiwa kuendelea kuunda kombora la SS-25 ingawa hatua yake ya kwanza (kipande cha chini chenye injini ya kuliinua) ilifanana mno na ya SS-20 lililopigwa marufuku. Suluhisho? Wamarekani walihamia pale wakaishi nje ya lango, usiku na mchana, wakikagua kila behewa refu la kutosha kubeba kombora. Warusi nao wakakaa Magna, Utah, kwenye lango la kiwanda cha huko. Ilidumu miaka 13. Kulikuwa na ugomvi, mwaka 1990 walikorofishana vibaya juu ya mashine ya eksirei ya kuchungulia ndani ya mabehewa, lakini kazi iliendelea.

Sasa swali. Sisi tusio na bomu, tuliofungwa na NPT, mkataba wa 1968 wa kuzuia silaha za nyuklia zisienee, tusilitafute, tubaki humo kwa faida gani?

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, umeandika vizuri ila umepita pembeni ya swali lako mwenyewe. NPT ilikuwa biashara ya nipe nikupe. Sisi tusitafute bomu, wao kwa kifungu cha 6 wajadiliane kwa nia njema namna ya kuyaondoa yao. Mwaka 1995 tukakubali idumu milele, na hapo ndipo tulipotoa turufu yetu ya mwisho mkononi. Mikutano ya mapitio ya 2015 na 2022 ikaisha bila hata tamko la pamoja.

Halafu angalieni historia. Ukraine ilikabidhi silaha za nyuklia ilizorithi kwa Umoja wa Kisovieti, ikapewa karatasi ya Budapest ya kuihakikishia usalama Desemba 1994, na mmoja wa waliosaini ndiye aliyeivamia. Libya iliacha mradi wake 2003, Gaddafi akaishia alikoishia 2011. Korea Kaskazini ilijitoa NPT mwaka huohuo wa 2003, ikajaribu bomu 2006, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kuigusa. Mtoto wa shule anaelewa somo hilo.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, somo hilo linaelezwa nusu kila mara. Vichwa vilivyokuwa Ukraine vilikuwa ardhini kwake, lakini mamlaka ya kuvirusha yalikuwa Moscow. Kuvigeuza vyake kabisa kungetaka miaka na fedha ambazo nchi ile changa haikuwa nazo. Na Budapest haikumlazimisha mtu kutuma askari. Iliahidi kukimbilia Baraza la Usalama endapo nyuklia zingetumika kuishambulia au kuitishia, yaani pale pale Urusi ilipo na kura ya turufu. Ubovu ni wa karatasi ile, tusiubebeshe mikataba yote.

Libya ndiyo kabisa. Vifaa vyake vingi vya kurutubisha urani vilikuwa bado kwenye makasha vilipopelekwa Marekani 2004. Huwezi kujuta kuuza gari ambalo hukuwahi kuliunganisha.

Mbona hamumtaji aliyekuwa nalo kweli? Afrika Kusini iliunda mabomu sita, ikayafumua yenyewe, ikaingia NPT 1991, na rais wake de Klerk akalitangazia bunge Machi 1993. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki wakapekua kumbukumbu za uzalishaji kuona kama hesabu ya urani inafunga. Leo bara zima lina Mkataba wa Pelindaba wa kukataza silaha za nyuklia Afrika, unaofanya kazi tangu 2009. Sijaona aliyeivamia Afrika Kusini kwa kukosa bomu.

Mchangiaji wa kwanza

Waliyafumua wakati wazungu wenyewe wanajua wanakabidhi nchi. Usinifanye nisahau hilo.

Mchangiaji wa pili

Sababu zilikuwa nyingi, na hiyo imo. Lakini mabomu yamekwenda, na hesabu ikakaguliwa.

Mchangiaji wa tatu

Nyie endeleeni na nyuklia. Wanaokufa leo wanakufa kwa bunduki na mabomu ya kawaida. Mkataba wa biashara ya silaha upo tangu 2013, na wauzaji wakubwa kabisa duniani ni haohao wa Baraza la Usalama. Hata mabomu ya kutegwa ardhini, ambayo tulidhani yamekwisha kwa Mkataba wa Ottawa wa 1997 (Msumbiji ilitangazwa safi 2015), mwaka 2025 Finland, Poland na nchi tatu za Baltiki zimeamua kujitoa. Zote ni nchi zilizokuwa zikituhubiria.

Mleta mada

Mchangiaji wa tatu, hilo la Ottawa linauma na sina la kulipamba. Waliojitoa wanapakana na Urusi, wameiona Ukraine, wameogopa. Hofu ni sababu ya kueleweka, ila naona wamekosea.

Turudi kwenye wakaguzi, maana kuna jaribio ambalo historia imetufanyia. Mikataba miwili inafanana: mmoja unakataza silaha za kibayolojia, ulisainiwa 1972, mwingine za kemikali, ulianza kazi 1997. Wa kwanza hauna wakaguzi hata mmoja. Umoja wa Kisovieti uliusaini, kisha ukajenga mradi mkubwa wa siri. Mwaka 1979 kimeta kilivuja kutoka kituo cha jeshi Sverdlovsk, watu zaidi ya 60 wakafa, serikali ikasingizia nyama mbovu. Rais Yeltsin wa Urusi ndiye aliyekuja kukiri, 1992. Wa pili una shirika lake The Hague, na wakaguzi wake wamesimamia uteketezaji wa akiba zote zilizotangazwa, zaidi ya tani 70,000. Marekani ilimaliza Julai 2023. Katika mkataba wa pili mgeni ana haki ya kuingia ghalani. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema.

Mchangiaji wa nne

Akiba *zilizotangazwa*. Syria iliingia mkataba wa kemikali 2013, ikatangaza, ikakaguliwa, na Aprili 2017 sumu ya sarini ikaua watu Khan Shaykhun, hukohuko Syria. Tume ya uchunguzi ikasema ni serikali, Urusi ikapiga turufu tume isiongezewe muda. Jicho bila mkono.

Na Iran je? Hakuna nchi iliyokuwa ikikaguliwa kama Iran. Juni 2025 ikapigwa mabomu na nchi mbili zenye nyuklia, Israel na Marekani. Ungekuwa kiongozi mahali fulani, ungemfungulia mkaguzi mlango?

Mleta mada

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote humu, na nitajibu kwa Iran hiyohiyo. Chini ya makubaliano yake na mataifa makubwa ya 2015 ilishikiliwa kwenye urani isiyozidi kilo 300, iliyorutubishwa kwa asilimia 3.67, na wakaguzi walithibitisha ripoti baada ya ripoti. Marekani ikajitoa 2018. Kufikia kati ya 2025 Iran ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za asilimia 60, karibu na kiwango cha bomu. Yakaja mabomu, Iran ikasimamisha ushirikiano na shirika la atomiki, na zile kilo wakaguzi wakashindwa kusema ziko wapi. Aliyetaka kujua Iran ina nini alikuwa na njia ya kujua, akaitupa mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu: tubaki NPT, lakini tuache kudai matamko. Tudai wakaguzi, na tudai waingie kwa wakubwa pia.

Mchangiaji wa kwanza

Sawa, mleta mada, nimekuelewa. Basi tuanzie jirani na hukohuko Iran: kinu cha Dimona, Israel, ambayo haimo NPT na haikubali wala kukana kuwa na bomu, kinakaguliwa na nani?