Kujipiga picha kwenye theluji: theluji inatoka kijivu, uso hauonekani

mgeni_wa_baridi
Wakuu habari zenu. Niko Minneapolis. Lenzi mm 50, kamera fremu kamili, tripodi ya alumini, taima ya sekunde 10. Sina wa kunishikia kamera. Nikijipiga kando ya ziwa, theluji inatoka kijivu cha bluu, uso wangu mweusi hauna macho wala pua, fokasi imekwenda kwenye miti na nyayo zimetapakaa mbele. Nianze na lipi?

fundi_lenzi
Karibu mkuu. Anza na mwanga. Kipimo cha kamera hudhani kila kinachokiona ni kijivu cha wastani, kwa hiyo kikiona weupe mtupu kinapunguza, na uso mweusi ndio unaozama. Weka M (unapanga mwanga mwenyewe), lenga theluji peke yake, ongeza stopu 1⅔ juu ya inachosema (stopu moja ni mwanga mara mbili), kisha usiguse tena. Piga RAW, yaani faili ghafi. Kwenye histogramu (grafu ya mwanga wa picha) kilima cha theluji kisogelee ukuta wa kulia bila kuugusa. Ule ubuluu ni wa kivulini: peleka rangi ya mwanga Kelvin 7000 hivi.

Fokasi: chomeka fimbo utakaposimama, fokasi juu yake, hamia MF (fokasi ya mkono). Kwa f/5.6 (upana wa tundu la lenzi) na umbali wa mita 5, kuanzia kama mita 3.7 hadi 7.5 kunatoka safi, kwa hiyo hata ukiyumba hatua moja hakuna neno.

Taima ya sekunde 10 sahau. Kwenye theluji ya magotini utafika ukihema na mdomo wazi. Tafuta kwenye menyu kupiga kwa vipindi: ianze baada ya sekunde 60, kisha kila sekunde 3, picha 40.

dada_fremu
Naafiki yote ila mwanga. Kwa ngozi nyeusi mimi nasema uso kwanza. Pima kwa doa (kamera inasoma sehemu ndogo tu) kwenye shavu, kisha punguza stopu 1, maana kipimo kitataka kuufanya uso uwe kijivu. Theluji ya nyuma ikiungua kidogo pembeni, na iungue. Uso uliovutwa kutoka gizani kwenye kompyuta unatoa chembechembe na rangi ya majivu. Siku ya mawingu hamtagombana, vipimo viwili vinakaribiana. Jua likiwaka, lipe mgongo: theluji iliyo mbele yako inarudisha mwanga usoni kutoka chini, hadi kwenye kivuli cha kofia.

Desemba hapo kwenu jua la adhuhuri halizidi nyuzi 22 hivi, kivuli ni mara mbili na nusu ya kimo. Jua likiwa nyuma ya kamera, angalia cha tripodi kisiingie kwenye fremu.

Nyayo: usikatize mbele ya lenzi. Zunguka mbali, ingia kwa ubavuni nyuma ya mti, na ushushe kamera hadi kiunoni ili kingo za mashimo zifiche mashimo yenyewe. Paka mafuta ya mgando mdomoni na upanguse. Yakizidi usoni yanang'aa kama kioo. Jaketi jeupe liache nyumbani. Kitenge chekundu au cha manjano shingoni kinatosha.

mzee_wa_tripodi
Hapo kwenye tripodi, ndugu: usiitanue miguu yote kabla ya kuizamisha. Ukisukuma chini theluji inaitanua zaidi, na maungio ya juu ndiyo yanayovunjika. Izamishe ikiwa nusu imefungwa. Alumini izungushie sponji ya bomba, inauma hata kupitia glavu. Betri ya pili ikae mfuko wa ndani. Ya kwanza ikizima, ipashe joto, mara nyingi inaamka.

Wakati wa kurudi, toa kadi ukiwa bado nje, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ndipo uingie. Iache saa 2. Ukiifungua mara moja, unyevu wa chumbani unageuka maji ndani ya lenzi.

mgeni_wa_baridi
Shukrani sana. Je, nikisimama juu ya ziwa lenyewe?

mzee_wa_tripodi
Toboa upime kwanza. Idara ya Maliasili ya Minnesota inataka inchi 4 za barafu safi, ngumu, kwa mtu anayetembea. Ikiwa nyeupe yenye povu, zidisha mara mbili. Na pima tena unaposimama wewe, si pale ulipoweka kamera tu.