Ndugu akichelewesha deni: Mathayo 18 inatekelezwaje?

Mshirika_Jumatano: Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mshirika akikopa kwa mwenzake, tarehe ikapita, kimya, Mathayo 18:15–17 (ndugu akikukosea, mwonye kwanza faraghani, kisha na mmoja au wawili, kisha kanisani) inatekelezwaje bila kukigawa kikundi cha maombi?

Mama_Kikundi: Amina. Kwanza ni wawili peke yao, ana kwa ana. Hapo ndipo wengi huharibu: wanatuma ujumbe mrefu wa simu, au wanaomba hadharani "tumkumbuke ndugu fulani anayepita kwenye majaribu ya fedha". Huo ni umbea uliofumba macho. Mdai aanze na swali: "Tulikubaliana tarehe 5, kumetokea nini?" Kisha anyamaze, asikilize.

Shemasi: Mdaiwa asiposikia, mdai achukue mmoja au wawili, si watano, na wasiwe jamaa wa upande wowote. Kazi yao ni kuthibitisha kila neno, basi waandike: kiasi kilichobaki, awamu ngapi, tarehe zipi. Kanisa huambiwa baada ya hapo tu, tena kupitia wazee. Kundi la simu halihusiki.

Mshirika_Jumatano: Na kama hana kabisa?

Mama_Kikundi: Huo ni uhitaji, si ukaidi, msimpeleke kanisani kama mkosaji. Mdai anaweza kupunguza deni au kulisamehe, au mwingine alibebe, kama Paulo alivyojitolea kulipa deni la Onesimo, mtumwa wa Filemoni (Filemoni 18–19). Ila akisamehe, daftari lifutwe mbele ya mashahidi walewale, na asilitaje tena siku wakikosana kwa jambo lingine.